Tarehe ya Muhuri wa Masijala

Jalada lilikuwa limekamilika: mkataba, hati za malipo, na notisi ya madai ya tarehe 3 Machi, vyote vimeskaniwa na kuingizwa kwenye mfumo. Mdaiwa alikuwa taasisi ya Serikali. Mfumo ukahesabu siku 90 tangu tarehe iliyoandikwa juu ya barua, ukatoa 1 Juni, na siku tatu baadaye kesi ikafunguliwa. Kumbe kitabu cha dispachi, kilichokuwa mezani kwa karani muda wote, kilikuwa na muhuri wa masijala ya taasisi ile wa tarehe 17 Machi. Siku 90 zilikuwa zinaishia 15 Juni. Upande wa pili ukaleta pingamizi la awali, shauri likaondolewa mahakamani, na mteja akaanza upya huku gharama zikimwelemea.

Nilikuwa miongoni mwa waliopanga mfumo huo wa ofisi ya mawakili jijini Dar es Salaam, na bado naliona kosa letu waziwazi. Tuliichukulia barua ya madai kama karatasi ya kuhifadhi. Mwanasheria anaihitaji kwa sababu ya yanayoipata baada ya kusainiwa: ilimfikia nani, lini, nani aliipokea, na alijibu nini.

Tukaitoa barua kwenye orodha ya viambatisho, tukaipa rekodi yake yenyewe, iliyounganishwa na jalada. Tarehe ya kuandikwa ikabaki, lakini haihesabu chochote. Saa haianzi mpaka karani aweke tarehe ya kupokelewa pamoja na picha ya ukurasa wa dispachi wenye sahihi au muhuri. Bila picha, rekodi hukaa kwenye hali ya "haijapokelewa", na kila asubuhi humtokea wakili mwenye jalada.

Kwa madai dhidi ya Serikali, sheria inataka notisi isiyopungua siku 90 na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na tangu marekebisho ya 2020 halmashauri nazo zimo. Kwa hiyo rekodi moja hubeba mapokezi mawili. Tuliamua mfumo uhesabu kuanzia yale yaliyochelewa. Huenda ni tahadhari kupita kiasi, lakini kusubiri wiki moja zaidi ni nafuu kuliko kurudia kesi nzima.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye majibu. Zamani palikuwa na kisanduku kimoja tu: "amejibu". Neno hilo linaficha mambo mazito. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, na barua ya madai peke yake haiusimamishi ukomo huo hata kwa siku moja, hata kama pande mbili zinaendelea kuzungumza. Lakini mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kutia sahihi, au akalipa sehemu yake, muda huanza kuhesabiwa upya. Barua fupi ya kusema "deni nalitambua, naomba miezi miwili" inaweza kuokoa dai lililokaribia kufa, nayo ilikuwa imelala kwenye jalada ikiitwa "jibu la mteja.pdf", na jina lenyewe halikuwa sahihi, kwani mwandishi wake alikuwa mdaiwa.

Sasa karani hachagui aina ya jibu. Hulipokea, hulipiga muhuri, hulipandisha. Wakili ndiye husoma na kuamua kama ni kukana, kukiri, kuomba muda au malipo ya sehemu. Barua za mapatano zilizoandikwa kwa sharti la kutoathiri haki zina kundi lake, ili mtu asije akazitegemea kama ushahidi wa kukiri. Na mfumo haufuti tarehe ya zamani ya ukomo: huiweka mpya chini yake, pamoja na jina la wakili aliyeibadilisha.

Kitabu cha dispachi kimebaki mezani palepale. Muhuri ukitoka hafifu, tarehe haisomeki, karani hurudi masijala siku hiyohiyo kuomba upigwe tena.