Vilima vya Kijani, Macho Havana

Msomaji wa Singe, hapa Babati, akifungua Green Hills of Africa cha Ernest Hemingway, kwanza ataitafuta Babati, na ataipata. Ni mistari michache tu: hoteli ndogo inayotazama ziwa, chupa ya achari, bia baridi, kisha gari linashika njia ya Kondoa. Si kosa, msafiri hana deni kwa kila mji anaoupita. Ila kitabu hiki kina sifa kubwa mno huku Manyara, na wauza utalii hawachoki kumtaja mwandishi wake. Inafaa sifa hiyo tuipime kwa kipimo alichokiweka mwenyewe.

Kipimo kipo kwenye dibaji. Hemingway aliwinda Tanganyika kuanzia Desemba 1933 hadi mapema 1934, akatoa kitabu mwaka 1935. Anasema anataka kuona kama umbo la nchi na matukio ya mwezi mmoja, yakielezwa kwa ukweli mtupu, yanaweza kushindana na kazi ya kubuni. Basi tusikisome kama kumbukumbu za mwindaji. Tukisome kama mshindani wa riwaya.

Mwanzo wake ni wa fundi. Tunaingia katikati ya shughuli: wawindaji wamejificha penye chumvi wakimvizia tandala, mvua zinakaribia, siku zinayoyoma, na lori linapita kwa kishindo na kuharibu kila kitu. Sehemu ya pili inaturudisha nyuma, ya tatu inatuleta tulipoachwa. Hapo sina ugomvi naye.

Ugomvi unaanza kwa mwenye lile lori, Kandisky. Nyuma yake yupo mtu halisi, Hans Koritschoner, ambaye baadaye, kwa jina la Hans Cory, alikusanya mila, sheria za jadi na ngoma za Tanganyika. Karatasi zake ziko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtu wa namna hiyo ameketi mbele ya mwandishi anayedai kutafuta umbo la nchi. Mazungumzo yamepangwaje? Kandisky anauliza, Hemingway anajibu, na majibu ni kuhusu waandishi wa Marekani. Kauli inayonukuliwa kuliko zote kutoka kitabu hiki inatoka humo: kwamba fasihi yote ya kisasa ya Marekani imezaliwa na Huckleberry Finn ya Mark Twain. Kauli tamu, lakini ni ya mto Mississippi.

Twende kwenye sentensi inayosifiwa kuliko zote. Ni ndefu kupita kiasi, inabeba wazo juu ya wazo bila kuvunjika, na mimi pia naihusudu. Inahusu mkondo wa bahari wa Gulf Stream na takataka za Havana zinazomwagwa humo. Pumzi ndefu kuliko zote katika kitabu cha vilima vya Afrika ameitumia kwa jaa la Cuba! Mhakiki Edmund Wilson alilalamika mapema kwamba kitabu kinaifanya Afrika na wanyama wake wachoshe. Nadhani alikosea mahali pa kunyooshea kidole. Nchi haichoshi hata kidogo. Mwandishi ndiye anayegeuza macho kila kalamu yake inapopata moto.

Kisha watu, wenyeji wanaowasaidia wawindaji hao. Garrick amepewa jina la mwigizaji wa Kiingereza wa karne ya 18 kwa sababu ana madaha. Droopy ameitwa hivyo kwa kope zake zilizolegea. Kweli, wazungu nao wana majina ya utani, Pop, mwindaji anayeongoza msafara, na P.O.M., mke wa mwandishi, lakini wao wanapewa pia wivu, uchovu na maneno ya kujitetea. M'Cola peke yake anakaribia kuwa mtu kamili, hasa anapoangua kicheko fisi akipigwa risasi.

Kuna mahali kitabu kinafikia ahadi yake: sehemu ya nne, Wamaasai wanapokimbia ubavuni mwa gari, wakishangilia honi. Hapo hakuna nadharia ya fasihi wala Havana. Hata hivyo kurasa hizo ni chache, na gari linawaacha.

Tunamalizia kando ya Bahari ya Galilaya. P.O.M. analalamika kwamba sura ya Pop imemtoka akilini, na mumewe anaahidi kumwandikia ili aikumbuke. Ahadi hiyo ameitimiza. Pop tunamwona, tunamsikia, tungemtambua njiani. Jina alilopewa Garrick na wazazi wake halimo kitabuni.