Kalkriese: Ramani Kwanza, Ditekta Baadaye

Anayenunua ditekta ya metali kwa kujifurahisha huuliza kwanza inazama kina gani. Angeuliza kwanza ataiwashia wapi. Sarafu ndogo hunaswa ikiwa chini kwa sentimita 20 hadi 30 hivi. Zaidi ya hapo mashine nyingi hunyamaza. Koili nayo hufagia ukanda mwembamba kwa kila hatua, kiasi kwamba shamba moja tu laweza kumaliza wikiendi nzima. Kazi kubwa, basi, ni kuipunguza ardhi kabla ya kuikanyaga. Mfano mzuri wa kazi hiyo uko Kalkriese, kaskazini mwa mji wa Osnabrück, Ujerumani.

Mwaka 9 BK makabila ya Kijerumani yakiongozwa na Arminius yaliteketeza lejioni tatu za Kirumi zilizokuwa chini ya Publius Quinctilius Varus. Mahali penyewe palibishaniwa kwa karne nyingi, na nadharia zikafika mamia. Sanamu kubwa ya Arminius, iliyozinduliwa mwaka 1875, ilisimamishwa karibu na Detmold, makumi ya kilomita kutoka Kalkriese. Aliyeugeuza mjadala ni Tony Clunn, meja wa jeshi la Uingereza aliyekuwa kituoni Osnabrück, ambaye burudani yake ilikuwa ditekta.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, lakini Clunn aliinama mwisho. Alianza kwa kubisha hodi kwa Wolfgang Schlüter, mwanaakiolojia wa eneo hilo, akaomba ruhusa na kuuliza sarafu za Kirumi zimewahi kuokotwa wapi. Jibu lilimrudisha karne moja nyuma. Familia ya von Bar, wenye shamba la Barenaue huko Kalkriese, ilikuwa na mkusanyiko wa sarafu zilizookotwa na wakulima wa jirani. Mwanahistoria Theodor Mommsen alimtuma mtaalamu wa sarafu Julius Menadier azichunguze, na mwaka 1885 Mommsen akatangaza kwamba vita vilipiganwa hapo: sarafu nyingi zilikuwa za wakati wa Kaisari Augustus, na nyingine zilikuwa za dhahabu na fedha, mali ambayo mtu haiachi njiani kwa hiari. Wapinzani wake walikuwa na hoja moja nzito: sarafu hata mfanyabiashara huangusha, silaha ziko wapi?

Umbo la ardhi liliipa nguvu rekodi hiyo. Upande wa kusini kuna kilima cha Kalkriese, upande wa kaskazini kulikuwa na kinamasi kikubwa, na katikati pamebaki ukanda mwembamba mkavu. Jeshi lenye mizigo halikuwa na njia nyingi za kupita. Ndiyo maana anayetafuta eneo husoma ramani za zamani kwa jicho la msafiri wa zama zile: barabara ilipita wapi, mto ulivukwa wapi, wapi watu walilazimika kubanana.

Mwaka 1987 Clunn alikuta dinari za fedha. Mwaka uliofuata alipata vipande vitatu vya risasi vyenye umbo la yai. Kwa bei, havikukaribia zile dinari. Kwa ushahidi vilizishinda, kwa sababu vilikuwa vya kurushwa kwa kombeo, zana ya askari. Hoja iliyomkwamisha Mommsen ikaanza kujibiwa. Mpenda burudani anayebagua milio ili asikie fedha na dhahabu peke yake angevipita bila kujua.

Uchimbaji wa kitaalamu ulianza mwaka 1989, na ukaonyesha pia mpaka wa mashine. Tangu Enzi za Kati wakulima wa huko walirutubisha mashamba kwa kumwaga mabonge ya udongo wenye nyasi yaliyochanganywa na samadi, hadi tabaka likawa nene mno. Tabaka hilo liliihifadhi ardhi ya Kirumi na wakati huohuo likaificha. Shamba lililo kimya, kwa hiyo, si lazima liwe tupu. Huenda limefunikwa tu. Chini yake wanaakiolojia walipata kinyago cha chuma cha mpanda farasi, mabaki ya boma la udongo, na mashimo yenye mifupa ya watu na nyumbu. Sarafu za shaba zenye chapa VAR zikaelekeza kwa Varus mwenyewe. Hata hivyo, wapo wanaoamini kwamba mabaki hayo ni ya kampeni ya Germanicus, miaka michache baadaye.

Ubishi wa namna hiyo hauamuliwi na ditekta, bali na mahali kila kitu kilipolala na kilichokuwa kando yake. Clunn aliwaita wataalamu mapema, ndiyo maana ushahidi huo ulibaki. Tena yeye mwenyewe aliongozwa na wakulima ambao sarafu zao zilijulikana zimetoka mashamba gani. Anayetia sarafu mfukoni bila kuandika alipoitoa hujinyima historia yake, na humfutia alama mtafutaji atakayefuata.