Wadhamini Watatu

Nimemchoka mjomba wa hadithi zetu vijana wa Bukoba. Kila mara ni yeye: kitambi, ofisi ya Dar, mpwa kapewa kazi, shujaa kabaki na bahasha yake. Undugunaizesheni tunaujua, jamani! Siku hizi kazi nyingi za serikali huombwa kwa intaneti, kwenye Ajira Portal, na mwandishi akifika hapo hushusha pumzi, eti mashine haina shangazi. Hebu soma tangazo lenyewe: vyeti vithibitishwe na wakili, halafu utaje wadhamini watatu wa kuaminika. Binti wa Muleba, wazazi wake wakulima wa migomba, amtaje nani? Anapanda basi hadi Bukoba, anapiga hodi kwa mwalimu wake wa zamani. Amwambie nini? Hapo wenzangu mnafunika kalamu, na mimi hapo ndipo nilipotaka kusoma.