Kinyama Kilichokuja kwa Posta

Katika miaka ya 1960, daktari wa hospitali ya misheni mbali na Kampala akimtoa mgonjwa uvimbe asioufahamu, alikuwa na pa kuuliza. Alitia kinyama kwenye chupa ya formalini, akajaza fomu, akakituma kwa posta hadi Idara ya Patholojia ya Shule ya Tiba ya Makerere, huko Mulago, Kampala. Aliyeiongoza idara hiyo kuanzia 1962 hadi 1970 ni Profesa Michael Hutt. Hospitali haikutozwa kitu, na majibu yalirudi kwa posta vilevile.

Kwangu mimi, uamuzi huo wa kufungua mlango unaeleza ustadi wa kuongoza huduma ya patholojia kuliko cheo chochote. Hospitali kubwa ya kufundishia ina kazi ya kutosha ndani ya kuta zake. Anayekubali vinyama vya nchi nzima amekubali pia chupa zinazovuja, fomu zilizoandikwa kwa haraka, na vipande vidogo kuliko punje ya mchele ambavyo daktari wa huko atavitegemea kuamua kama amkate mtu mguu au titi. Amejibebesha wagonjwa ambao hatawaona kamwe, na bado anatia sahihi.

Wengi hudhani kazi hii huanzia kwenye hadubini. Kiongozi mzuri anajua kwamba kufikia hapo mengi yameshaamuliwa. Nyama ikitoka mwilini huanza kuharibika mara moja, na formalini hupenya polepole, kama milimita moja kwa saa. Ukitumbukiza titi zima kwenye ndoo bila kulichanja, nje litakuwa gumu na safi huku katikati likioza, na katikati ndiko uvimbe uliko. Ukilazimisha kipande kilaini kupita kwenye chupa yenye shingo nyembamba, kitaingia, lakini kikishakuwa kigumu hakitatoka ila chupa ivunjwe. Kwa hiyo mkuu wa huduma anatoka maabara. Anakwenda kwa wauguzi wa chumba cha upasuaji kuwaonyesha chupa ipi itumike, formalini iwe nyingi kiasi gani, na kwa nini saa ya kutolewa kinyama iandikwe. Ni kazi isiyoandikwa kwenye majarida, nami naiheshimu kuliko hotuba nyingi.

Baada ya hapo kinyama hukatwa vipande, hunyang'anywa maji kwa alkoholi, hujazwa nta, kisha hufika mikononi mwa fundi wa maabara. Hapa inafaa kusimama tutazame. Bloku ya nta imepozwa kwenye barafu. Fundi anaifunga kwenye mikrotomu, anazungusha mpini kwa mwendo mmoja usiobadilika, na kila mzunguko unatoa utando wa takriban mikromita 4, yaani sehemu 4 za elfu moja za milimita. Tando hushikamana zikawa utepe. Anauinua kwa brashi na kibanio, anaulaza juu ya maji ya uvuguvugu, na mikunjo inajinyoosha yenyewe. Kisha anazamisha kioo kwa mshazari na kuuopoa. Wembe ukiwa na pengo dogo, mstari utapita katikati ya picha. Maji yakiwa moto kupita kiasi, seli zitaachana. Na kabla ya bloku inayofuata lazima afute uso wa maji, kwa sababu chembe iliyobaki ya mgonjwa mmoja inaweza kunata kwenye kioo cha mwingine, na mtu mwenye afya akaitwa mgonjwa wa saratani.

Ndiyo maana mkuu anayejua kazi yake huketi na mafundi wake na kuwauliza, wala hawaamrishi kwa mbali. Fundi aliyezoea kusikilizwa atakuja mwenyewe kusema, "Profesa, bloku hii naitilia shaka." Sentensi hiyo imeokoa watu.

Rangi zikishapakwa, hematoksilini ikitia kiini cha seli samawati na eosini ikitia sehemu nyingine waridi, zamu ya kusoma inafika. Kwenye shule ya tiba kioo husomwa kwa hadubini ya watu wawili au zaidi, mwalimu upande huu, daktari anayesomea ubingwa upande ule. Ustadi wa mwalimu hapo ni kunyamaza. Anamwacha mwanafunzi aseme kwanza, na hata akikosea anamwacha afike mwisho wa hoja yake, ili kosa lionekane lilipoanzia. Mara nyingi lilianzia nje ya kioo. Mfupa unaojiunga baada ya kuvunjika unaweza kufanana sana na saratani ya mfupa, na asiyeitazama picha ya eksirei atamkatisha kijana mguu wake. Swali la mwalimu basi ni fupi: "Umeongea na wodi, daktari?"

Na majibu nayo yana usanifu wake. Daktari aliye peke yake kwenye hospitali ya wilaya hahitaji orodha ya majina ya Kilatini. Anahitaji kuambiwa ni nini, jibu lina uhakika gani, na afanye nini sasa. Kipande kikiwa hakitoshi, haifai kuandika "hakitoshi" na kuishia hapo. Mwandikie achukue kingine pembeni mwa kidonda, mahali nyama hai inapokutana na iliyokufa, kwa maana katikati kuna uozo tu. Mistari miwili kama hiyo inamwongezea daktari yule elimu, na inampunguzia mgonjwa safari.

Kuna faida nyingine ya huduma hii, inayoonekana baada ya miaka. Kabla ya Hutt, idara ile iliongozwa na Jack Davies, naye alizipa rekodi umuhimu mkubwa, na rejista ya saratani ya Kampala ilianza miaka ya 1950 ndani ya idara hiyo. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt alipochapisha makala mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto, aliuita sarkoma. Gregory O'Conor na Davies, wakipekua kumbukumbu za saratani za watoto, waliona kwamba uvimbe wa taya, wa figo, wa ovari na wa kwingineko, uliokuwa ukihesabiwa kuwa maradhi tofauti, ulikuwa na sura moja chini ya hadubini: limfoma, na peke yake ilifanya karibu nusu ya saratani za watoto walizozichunguza. Ugonjwa umebaki na jina la Burkitt, na anastahili. Lakini kuunganisha taya na ovari kuliwezekana kwa sababu kuna watu waliokuwa wamepanga namba, slaidi na bloku, hata zikapatikana zilipotafutwa.

Hutt aliuendeleza utaratibu huo kwa upana zaidi. Yeye na Burkitt walichapisha mwaka 1965 jinsi saratani zilivyosambaa Afrika Mashariki, wakitegemea taarifa za hospitali za mbali. Mwaka 1973 kikatoka kitabu kilichohaririwa na A. C. Templeton kuhusu uvimbe uliochunguzwa Uganda kuanzia 1964 hadi 1968. Vinyama vya mtu mmoja mmoja vikawa ramani ya nchi.

Leo idara za Mulago, Muhimbili na Nairobi zina vipimo ambavyo Hutt hakuwa navyo, na slaidi husomwa hata kwenye skrini. Bloku ya nta haijabadilika. Ikitunzwa mbali na joto na wadudu, inaweza kukatwa tena baada ya miongo kadhaa na kuulizwa swali ambalo halikuwapo siku kinyama kilipotolewa. Kwa hiyo mkuu wa huduma hujikuta akibishana na utawala kuhusu jambo dogo sana machoni pa wengine: chumba cha ziada, chenye rafu na hewa, cha kuwekea masanduku ya nta. Namtakia ashinde ubishi huo kila mwaka.