Sauti ya Red: Kitisho Kisichohitaji Kinyago

Mwaka 1931 studio ya Universal ilitoa filamu mbili zilizoonyesha njia mbili za kumtisha mtazamaji. Katika Frankenstein, Jack Pierce alimpodoa Boris Karloff hadi sura ya binadamu ikapotea. Katika Dracula, Dwight Frye hakufunikwa na chochote. Kicheko chake akiwa mhusika Renfield kilitosha, nacho kikamfunga katika nafasi za vichaa hadi karibu na kifo chake mwaka 1943. Lupita Nyong'o, Mkenya aliyesomea uigizaji Yale, alipopewa na mwongozaji Jordan Peele nafasi mbili, Adelaide na kivuli chake Red, katika filamu ya Us ya mwaka 2019, alishika njia ya Frye na kuisogeza mbele. Sauti aliyoiunda haikuwekwa kupamba hadithi. Ndiyo inayoibeba.

Ambaye hajaitazama aitazame kwanza, maana siri yake naitoboa hapa. Red, anayeishi chini ya ardhi, huzungumza kana kwamba hewa inamkwama kooni: neno linaanza, linakatika, linavutwa tena. Vivuli wenzake hawasemi kabisa, huguna tu. Mbona yeye anasema? Kwa sababu alizaliwa juu, akajifunza kusema, kisha mwaka 1986 akakabwa koo na kuachwa chini na kivuli chake, ambacho kilichukua nafasi yake huku juu na ndicho tunachokijua kama Adelaide. Jibu la fumbo lote limo katika zoloto lake tangu anapofungua kinywa. Kazi ya kumwigiza Adelaide ni ngumu zaidi, kwani haitakiwi kuonekana. Ufukweni anakiri kuwa kupiga soga kunamshinda. Ndani ya gari anamfundisha mwanawe kufuata mdundo wa wimbo, huku vidole vyake mwenyewe vikiukosa. Kisha kadiri anavyozidi kuua, ndivyo miguno ya huko chini inavyomtoka. Yote haya Lupita aliyapanga huku akiigiza upande mmoja mbele ya mwigizaji wa kushikilia nafasi, kisha akibadili mavazi na kuigiza upande wa pili.

Wapo watakaosema hofu inaletwa na muziki wa Michael Abels, mikasi ya dhahabu na mavazi mekundu. Vinasaidia, sikatai. Lakini ufukweni mchana hakuna mkasi, na bado ushahidi upo katika usemi wa Adelaide. Pingamizi zito ni jingine: Lupita alieleza kwamba sauti ya Red aliichota kwenye ugonjwa unaokakamaza misuli ya koo bila hiari, na watetezi wa wagonjwa wakalalamika kwamba hali yao imegeuzwa ishara ya uovu. Aliomba radhi, na ilifaa aombe. Hata hivyo, kosa naliona zaidi katika kuutaja ugonjwa wakati wa kuitangaza filamu, kwa kuwa ndani ya hadithi sauti ile ni jeraha la aliyedhulumiwa, na mwovu wa kwanza ndiye mwenye sauti laini.

Kwa kuwa sauti ndiyo inayoibeba hadithi, Us hupoteza nusu ya nguvu zake katika kibanda cha video ambako msimulizi huwafunika waigizaji kwa vichekesho vyake, hata akiwa hodari. Nanyi vijana wa Lodwar na Kakuma mnaorekodi filamu kwa simu, bila mpodozi wala fedha za vinyago, anzeni na koo: amueni kwanza kwa nini mhusika wenu anasikika hivyo, ndipo muwashe kamera.