Kistari Kati ya 1979 na 1982

Wasifu wa Suleiman Nyambui, popote unapoukuta, huja katika umbo lilelile. Alizaliwa Majita, mkoani Mara, tarehe 13 Februari 1953. Alisoma Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso. Alikuwa bingwa wa mita 10,000 wa vyuo vya Marekani, 1979–1982. Alipata medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980. Alishinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988. Baadaye akawa kocha na kiongozi wa riadha nchini. Ni sentensi sita, na msomaji anafunga ukurasa akidhani amemjua.

Yote hayo ni kweli. Hata hivyo wasifu huu unamdhulumu mwenyewe, na dhuluma hiyo haimo katika maudhui, imo katika fani. Darasani tumezoea kuichambua fani ya riwaya na ya tenzi: muundo, mtindo, msuko wa matukio, taharuki. Wasifu wa mwanamichezo hatuuchambui, tunaukariri. Mwanafunzi wa Gorong'a, huku Tarime, anayekimbia pekupeku kwenye mashindano ya shule za msingi ya UMITASHUMTA, akiulizwa Nyambui ni nani atajibu kwamba alipata fedha Moscow, na hapo atakuwa ametoa yote aliyopewa. Amepewa kidogo mno kuhusu mtu wa mkoa wake mwenyewe.

Tuanze na muundo. Ni msago mtupu, kuanzia kuzaliwa hadi cheo cha uzeeni, na karibu kila kitenzi kimebeba -li-. Katika usimulizi wa Kiswahili -li- hufungua jambo, kisha -ka- hulipokea na kulipeleka mbele: aliondoka, akafika, akakuta, akasema. Msikilizaji anaishi ndani ya -ka-. Wasifu huu una -ka- moja tu, nayo imewekwa pale mbio zilipokwisha, pale anapokuwa kocha. Mengine yote yamesimama moja moja kama nguzo za boma ambalo fito zake hazijafungwa, na ng'ombe wanatoka watakavyo. Kinachotoroka hapa ni uhusiano wa mbio moja na nyingine. Kwa mwanariadha uhusiano huo ndio maisha yenyewe ya kazi yake.

Ipo michezo ambayo orodha ya namba na tarehe inaifaa, na nadhani ndiko tulikoliazima umbo hili. Besiboli ya Marekani ni mmojawapo. Hank Aaron, ambaye kwa sehemu kubwa ya maisha yake alilinda eneo la nyuma la uwanja, alipiga homurani yake ya 715 tarehe 8 Aprili 1974 na kuipita 714 ya Babe Ruth, na nchi nzima ilikuwa ikihesabu pamoja naye kwa miezi. Roberto Clemente wa Puerto Rico, mlinzi wa eneo hilohilo la nyuma, alifikisha mapigo 3,000 kamili. Tarehe 31 Desemba 1972 alikufa kwa ajali ya ndege akipeleka misaada kwa walioathiriwa na tetemeko la ardhi Nicaragua. Hapo namba yenyewe ina msuko. Inapanda polepole, msomaji anaisubiri, na ile 3,000 ya Clemente inapokatika bila 3,001 kufuata, mtu haambiwi ahuzunike, anahuzunika mwenyewe.

Mkimbiaji hana limbikizo la namna hiyo. Kila anaposimama kwenye mstari saa inarudi sifuri, na medali ya mwaka jana haimpunguzii hata hatua moja. Ukimwandikia wasifu wa kulimbikiza, utalazimika kutafuta kitu kikubwa kuliko vyote na kukiweka kileleni, na vilivyobaki vitakuwa ngazi za kupandia au za kushukia. Ndivyo ilivyokuwa kwa Nyambui. Moscow imemeza kila kitu, na ajabu ni kwamba hata Moscow yenyewe haikusimuliwa.

Kabla ya kufika huko, tazama kile kistari kati ya 1979 na 1982. Fainali ya mita 10,000 ni mizunguko 25. Ubingwa wa miaka minne mfululizo ni mizunguko 100 ya fainali peke yake, na kila mwaka wanakuja vijana wapya waliokuwa na miezi kumi na miwili ya kupanga jinsi ya kumwangusha. Mpiga chapa ameipitisha yote kwa alama fupi kuliko herufi. Mwaka 1980 Nyambui alitwaa pia ubingwa wa mbio za nyika wa vyuo vya Marekani, taji ambalo mwaka uliotangulia lilikuwa la Henry Rono wa Kenya, mtu aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya mwaka 1978. Mara nyingi wasifu huliacha hata hilo, kwa sababu haliingii vizuri kwenye ngazi.

Fundi wa litungu asingekikubali kistari hicho. Litungu la Wakurya lina nyuzi nane na mlio mzito, na nyimbo zake haziendi kwa tarehe. Mwimbaji hutaja mtu, hutaja koo na mahali anapotoka, hutaja tendo, kisha huzunguka na kulirudia jina, na kila anaporudi jina limeongezeka uzito. Mara ya nne silo lile la mara ya kwanza. Takriri katika fasihi simulizi ndiyo njia ya kumfanya msikilizaji auhisi muda uliopita bila kuhesabiwa miaka. Bingwa wa mara nne mfululizo ni kiitikio kilichokwisha kutungwa na matukio yenyewe. Mwandishi alihitaji kukiacha kisikike mara nne, kila mara kikiwa na jambo moja jipya kando yake. Badala yake alikifupisha, na katika kufupisha akaondoa kilichokuwa kigumu kuliko yote: kurudi.

Sasa Moscow, tarehe 1 Agosti 1980. Mita 5,000 ni mizunguko kumi na miwili na nusu. Nyambui alitumia dakika 13 na sekunde 21.60, yaani takriban sekunde 64 kwa kila mzunguko. Mshindi, Miruts Yifter wa Ethiopia, alitumia 13:20.91. Wa tatu, Kaarlo Maaninka wa Finland, 13:22.00. Eamonn Coghlan wa Ireland aliachwa wa nne bila medali. Weka namba hizo pamoja na uzisome kama mtu anayesoma beti. Baada ya zaidi ya dakika 13, kati ya dhahabu na shaba pana sekunde 1.09 tu. Nyambui yuko sekunde 0.69 nyuma ya wa kwanza na sekunde 0.40 mbele ya wa tatu. Alikuwa karibu zaidi na shaba kuliko dhahabu. Yaani mita za mwisho alikuwa anafukuza na kufukuzwa kwa wakati mmoja, na aliyekuwa akimfukuza alikuwa jirani kuliko aliyekuwa akifukuzwa. Sentensi ya wasifu, "alipata medali ya fedha", inamwonyesha mtu mmoja akipokea kitu. Haionyeshi mtu aliyebanwa katikati ya wawili.

Tena taharuki ya mbio zile ilikuwa ya aina ya pekee. Siku tano kabla, tarehe 27 Julai, Yifter alikuwa ameshinda mita 10,000. Kila aliyesimama naye kwenye mstari wa mita 5,000 alijua silaha yake ni ule mchomoko wa mwisho. Kwa hiyo swali halikuwa nani angechomoka. Swali lilikuwa lini, na nani angebaki na miguu ya kumfuata. Msimulizi anayejua kazi yake angeipita mizunguko kumi na mmoja na nusu haraka, kisha angeuachia mzunguko wa mwisho nusu ya ukurasa, maana ndipo subira yote iliyowekwa akiba ilipotumika. Wasifu wetu unaipa mbio nzima sentensi moja, sawa na unavyoipa tarehe ya kuzaliwa.

Siku moja kabla, tarehe 31 Julai, Mtanzania mwenzake, Filbert Bayi, alikuwa amepata fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, kwa 8:12.5. Bayi alikimbia kama alivyokimbia Christchurch mwaka 1974 alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa 3:32.16: alikwenda mbele mapema na kuwaacha wenzake wahangaike. Safari hii Bronisław Malinowski wa Poland alimpata katika mzunguko wa mwisho. Mmoja alitumia nguvu zake mwanzoni akapokonywa mwishoni, mwingine alizitunza akazimwaga mwishoni na nusura zitoshe. Ni misuko miwili iliyopingana kabisa, ndani ya siku mbili, uwanja mmoja, bendera moja. Tunachoandika ni "Bayi na Nyambui walipata fedha", kana kwamba walikimbia mbio moja wakigawana kiatu. Kwangu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote ya kifani katika uandishi wetu wa riadha, kwa kuwa limewafutia watu wawili wakubwa sura zao.

Kuna pia ukimya wa kuhojiwa. Marekani iligomea michezo ile kwa sababu ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan, na Kenya nayo haikwenda. Mwezi Februari 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma Muhammad Ali Afrika kushawishi mgomo. Alipofika Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye, na Tanzania ikaenda Moscow. Sasa fikiria mahali alipo mhusika wetu: anasoma kwenye chuo cha Marekani, anavaa fulana ya chuo hicho majira ya kuchipua, na majira ya joto anavaa fulana ya Tanzania katika michezo ambayo nchi aliyoko imeikataa. Hakuna mtunzi wa tamthilia ambaye angeacha mgongano huo upite. Wasifu umeutenga kwa nukta mbili: sentensi ya Texas, nukta, sentensi ya Moscow, nukta. Wako wanaoutaja mgomo ili kuipunguza thamani ile medali. Sikubaliani nao. Aliyemtangulia Nyambui alikuwa bingwa wa mbio mbili ndefu za uwanjani katika michezo hiyohiyo, na hapakuwa na dhahabu ya bure siku ile.

Kinachonithibitishia kwamba umbo la ngazi linadanganya ni mbio ambazo halizitaji kabisa. Tarehe 6 Februari 1981, miezi sita baada ya Moscow, Nyambui alikimbia mita 5,000 za ndani katika mashindano ya Millrose jijini New York, ukumbi wa Madison Square Garden. Njia ya pale ilikuwa ya mbao na fupi, mizunguko 11 kwa maili, hivyo mita 5,000 zilihitaji zaidi ya mizunguko 34, kona baada ya kona. Alishinda kwa 13:20.4, muda bora kuliko wowote uliokuwa umewahi kukimbiwa ndani ya ukumbi duniani. Nyuma yake alikuwa Alberto Salazar, aliyekuwa ameshinda marathoni ya New York miezi michache tu kabla, naye kwa 13:22.6 akaweka rekodi ya Marekani.

Rudi sasa kwenye namba ya Yifter: 13:20.91. Muda wa Nyambui kwenye mbao za New York ulikuwa mfupi kuliko ule uliotoa dhahabu Moscow. Fainali ya Olimpiki ni vita vya mbinu na muda wake haulinganishwi moja kwa moja na mbio za rekodi, hilo nalikubali. Lakini fani nzuri ingeziweka mbio hizi mbili ubavu kwa ubavu na kumwachia msomaji aone mtu aliyeshindwa kwa sekunde 0.69 akiendelea na kazi yake majira ya baridi. Hapo -ka- ingepata pa kukaa: alipata fedha, akarudi Texas, akaenda New York, akakimbia kuliko mtu yeyote alivyowahi kukimbia ndani ya kuta nne.

Berlin naiona ikitendewa vibaya kidogo tu, kwa sababu angalau inatajwa. Mwaka 1987 alishinda kwa saa 2:11:11 akiwa na miaka 34, na 1988 kwa 2:11:45. Ukuta ulikuwa bado umesimama na mbio zilikuwa za Berlin Magharibi pekee. Mwaka 1989 aliyeshinda alikuwa Mtanzania mwingine, Alfredo Shahanga, kwa 2:10:11. Miaka mitatu mfululizo utepe mmoja ulikatwa na Watanzania. Wasifu wa mtu mmoja mmoja hauwezi kuliona hilo, maana kila mtu amefungiwa kwenye orodha yake.

Hukumu yangu ni kwamba tuna data za kutosha na masimulizi haba. Nawaomba walimu wa Kiswahili wa Tarime, Serengeti na Musoma wamchukue Nyambui kama zoezi la fani: darasa moja limwandike kwa msago, la pili lianzie kwenye mzunguko wa mwisho wa Moscow na kurudi nyuma, la tatu limtungie wimbo wenye kiitikio kinachorudi mara nne. Wawaulize wazee waliofuatilia michezo ile kwenye redio, kwa kuwa aliyekuwa na miaka ishirini wakati ule sasa amepita sitini. Na wanapoandika waikumbuke tarehe yenyewe, 1 Agosti 1980. Tangu siku hiyo hadi Michezo ya Paris ya 2024, hakuna Mtanzania mwingine aliyepata medali ya Olimpiki.