Dynaco PAS: Unafuu wa Priamplifaya ya Valvu na Matunzo Yanayotokana Nao

Priamplifaya ni chombo kinachokaa kati ya chanzo cha sauti, kama vile mashine ya santuri au redio, na amplifaya kuu inayosukuma spika. Kazi yake ni kupokea mawimbi dhaifu ya umeme, kuyakuza, na kumwezesha msikilizaji kuchagua chanzo, kiasi cha sauti na uwiano wa besi na sauti nyembamba. Miongoni mwa priamplifaya za valvu zilizouzwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa watu wa kipato cha kawaida, zile za familia ya PAS za kampuni ya Dynaco, iliyoanzishwa Philadelphia mwaka 1955 na David Hafler pamoja na Ed Laurent, zinastahili uchunguzi wa pekee, kwa sababu unafuu wake ulitokana na maamuzi machache ya usanifu yaliyofikiriwa kwa makini, na kila uamuzi uliopunguza gharama wakati ule ndio unaomwelekeza fundi wa leo mahali pa kutazama chombo kinapovuma, kinapokwaruza au kinapopoteza besi.

Uamuzi wa kwanza ulihusu mikono ya kuunda chombo chenyewe. PAS-2 iliuzwa kama seti ya kujiunganishia kwa takriban dola 60, huku iliyokwisha kuunganishwa kiwandani ikigharimu takriban dola 100; bodi za sakiti, ambazo ndizo zenye kazi nyeti, zilifika zikiwa zimekwisha kulehemiwa, na mnunuzi akabakiwa na kazi ya kufunga transfoma, swichi na nyaya kwa kufuata kitabu cha maelekezo. Kwa hiyo kila PAS hubeba alama ya mkono wa mmiliki wake wa kwanza, na ukaguzi wa busara huanza na lehemu za mkono, hasa zile zilizopoa kabla ya kushika vizuri, ambazo huonekana zimefifia na hukatakata sauti chombo kinapopata joto. Mafundi wengi hukimbilia kubadilisha vipuri kabla ya hatua hii, ilhali lehemu mpya kumi au kumi na tano huweza kumaliza tatizo.

Kiini cha usanifu ni valvu ya 12AX7, inayoitwa ECC83 huko Ulaya, ambayo ndani ya kioo kimoja ina triodi mbili, yaani vikuzaji viwili ambavyo kila kimoja kina kathodi inayotoa elektroni, anodi inayozipokea na gridi inayodhibiti mtiririko kati yake. Marantz 7, priamplifaya ya kifahari ya enzi hiyohiyo, ilitumia valvu sita za aina hii. Dynaco ilitumia nne, mbili katika bodi ya santuri na mbili katika bodi ya vidhibiti sauti, kiasi kwamba kila chaneli ilipata valvu moja tu kwa kila bodi. Upungufu huo ulifidiwa kwa mrejesho hasi, mbinu ambayo sehemu ya mawimbi yaliyokwisha kukuzwa hurudishwa mwanzoni yakiwa kinyume na yale yanayoingia, hivyo ukuzaji hupungua lakini upotofu nao hupungua, na tabia ya sakiti huamuliwa zaidi na rezista na kapasita za njia ya mrejesho kuliko na valvu.

Hapa ndipo penye jambo linalosahaulika mara nyingi. Santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba ikiwa imeongezwa, na kanuni ya RIAA humtaka mpokeaji ageuze mambo: kwa hezi 20 akuze karibu mara 9 zaidi ya anavyokuza hezi 1,000, na kwa hezi 20,000 apunguze kwa kiasi kinachokaribia hicho. Iwapo milivolti 5 za katriji, kifaa chenye sindano inayosoma santuri, zitakuzwa mara 100 katika hezi 1,000, basi katika hezi 20 ukuzaji unaotakiwa ni wa zaidi ya mara 900, na triodi mbili haziachi akiba kubwa juu ya hapo, yaani mrejesho hukaribia kwisha palepale besi inapouhitaji. Valvu iliyochoka haijitangazi kwa kunyamaza. Hujionyesha kwanza katika besi nyembamba isiyo na uzito, au katika chaneli mbili zisizolingana. Njia ya kuthibitisha ni kubadilishana valvu kati ya chaneli na kusikiliza kama kasoro imehama, na valvu yenye kelele kidogo huweza kuhamishiwa bodi ya vidhibiti, ambako mawimbi yamekwisha kuwa makubwa.

Hata hivyo valvu husingiziwa mengi. Hita, waya unaopasha kathodi, zililishwa umeme wa mkondo mnyoofu ili mvumo wa umeme wa nyumbani usipenye kwenye hatua ya santuri, na kazi ya kuunyoosha umeme huo ilipewa rektifaya ya seleniamu, ambayo ilikuwa rahisi lakini huzeeka kwa ukinzani wake kuongezeka. Volti za hita hushuka polepole, kathodi hupungukiwa na joto, na mmiliki hununua valvu mpya zisizosaidia lolote. Rektifaya hiyo ikiungua hutoa moshi wenye sumu na harufu mbaya sana, kwa hiyo inafaa kubadilishwa mapema kwa diodi za silikoni. Lakini kwa kuwa silikoni hupoteza volti chache kuliko seleniamu, rezista ya kupunguza lazima iongezwe, na kipimo cha multimita kionyeshe kwamba hita hazivuki volti 12.6.

Upande wa volti kubwa, zinazokaribia 300, kapasita kadhaa za kuchuja umeme zimo ndani ya kopo moja, na zikikauka huleta mvumo. Si vyema kuweka kapasita kubwa mno mara baada ya valvu ya rektifaya, 12X4, kwa sababu mshindo wa mkondo wakati wa kuwasha hufupisha maisha yake. Kabla ya kugusa chochote, chombo hutolewa kwenye soketi na kapasita huondolewa chaji kupitia rezista, kisha volti hupimwa tena. Jambo hili ni la uhai na kifo. Soketi za umeme zilizo nyuma kwa ajili ya kuwasha amplifaya kuu nazo ziachwe bila kutumika, kwa sababu mkondo wa amplifaya hupitia swichi ndogo ya priamplifaya na kuichoma.

Kwa mmiliki wa Dar es Salaam au Nairobi, transfoma ya kushushia volti za Afrika Mashariki hadi zile za Marekani ni ya lazima, na maandishi ya chombo yasomwe ili kujua kama hezi 50 zinaruhusiwa, kwani chuma cha transfoma iliyosanifiwa kwa hezi 60 hufikia kikomo mapema na hupata joto.

Linabaki suala la amplifaya inayofuata. Marantz 7 ilitenga triodi ya mwisho isiyokuza volti, iliyopewa kazi ya kusukuma tu, lakini PAS hutoa mawimbi moja kwa moja kutoka kwenye anodi kupitia kapasita, kwa hiyo huhitaji mzigo mwepesi. Stereo 70, amplifaya ya valvu ya Dynaco yenyewe, ina ukinzani wa kiloomu 470 kwenye mlango wake, na ikichukuliwa kapasita ya mikrofaradi 0.1 kama mfano, besi huanza kushuka karibu na hezi 3.4, chini kabisa ya usikivu wa binadamu. Mlango wa kiloomu 10, ulio wa kawaida katika amplifaya nyingi za kisasa, hupandisha mpaka huo hadi hezi 159 na kuiongezea valvu kazi isiyoiweza, ndiyo maana PAS iliyokarabatiwa vizuri huhukumiwa kuwa haina besi ilhali kilichokosewa ni kuiunganisha na amplifaya yenye mlango wa chini ya kiloomu 100.